Daudi, Kiatu Arubaini na Nne

Nyinyi mnaotaka ukocha, wengi wenu mnataka kusimama mbele na filimbi shingoni. Sikulaumuni. Filimbi inakupa ukubwa hata kama huna. Lakini miye umri wote nilikuwa nyuma ya hiyo filimbi, kocha msaidizi wa mpira wa kikapu kwenye chuo kimoja hapa Maskati, na kazi ya kocha msaidizi inaanza na mfuko wa mipira. Basi na miye nianzie hapo.

Mfuko ni wa wavu, unaingia mipira kumi na miwili. Usiutie begani, utakuota nundu. Ukumbatie kwa mbele, kama unambeba bibi harusi asiyetaka kwenda. Na usiuache ndani ya basi mwezi wa sita. Miye niliuacha, mwaka wangu wa mwanzo, basi limekaa juani Wattaya nje ya gereji mchana kutwa. Nilipofungua mlango, mipira imevimba kama imenuna. N'kashika mmoja, ukapasuka mkononi, n'kajitupa chini nikidhani nimepigwa risasi. Fundi wa gereji akanimwagia ndoo ya maji kwanza, ndo akauliza kuna nini.

Nimestaafu mwaka jana. Magoti yangu yalistaafu zamani, lakini hayakunipa khabari.

Mtaniuliza vipi mtu asiyemaliza skuli alifika chuoni. Nilifika na basi. Skuli niliiacha katikati, miye na mwalimu wa hisabati tulikubaliana tusionane tena. N'kafanya kazi ya kuhamisha magari kwenye maduka ya magari Wattaya, hili litoe, lile litie, halafu chuo kikataka dereva wa basi la wanamichezo. Kocha wa wakati huo alikuwa Mzungu mrefu kutoka Ulaya ya mashariki, jina lake Dragan. Kiarabu hajui hata salamu, na wachezaji Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea chakula. Miye nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ukumbi nnangoja mazoezi yaishe, nnakula sambusa. Akanioneshea kidole. "Wewe! Unajua lugha?" Nnajua, nimesema. Akanivuta mpaka benchi na sambusa yangu mkononi, na sikutoka tena kwenye lile benchi.

Kazi yangu ikawa kupitisha maneno. Dragan akisema mstari mmoja, miye natoa mitatu, kwa sababu matusi lazima uyazungushe. Siku moja mchezaji kapoteza mpira mara nne mfululizo, Dragan akamtajia mamaake kwa maneno ambayo hata nikiwa peke yangu siyasemi. Yule mchezaji akanitazama. "Kasemaje?" N'kamwambia, "Kocha anamsalimia mamaako." Akashangaa. "Anamjua wapi?"

Lakini yule Mzungu ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia kitu kimoja, na nnakwambieni nyinyi kwa sababu ndicho nilichokisahau siku niliyokuwa nnakihitaji. Kasema: kocha mkuu anatazama mpira. Wewe watazame wasiokuwa na mpira. Akanipa daftari gumu lenye jalada jeusi. Kila mchezaji ukurasa wake. Mkono gani anatumia, mguu gani anarukia, akikasirika anafanya nini, nyumbani kwao nani mwenye neno la mwisho. Siku hizi mna kompyuta inayokwambia mtu kakimbia kiasi gani na moyo umepiga mara ngapi. Nzuri, hongereni. Lakini haikwambii kuwa jana kagombana na babaake.

Dragan akenda zake. Akaja mwengine, akenda. Makocha wakuu tisa, nyinyi. Kila aliyekuja baada ya Dragan nimempokea uwanja wa ndege, na kila mmoja nimemrudisha. Kila mmoja kaja na mfumo wake, kafuta ubao, kasema, "Kuanzia leo mambo yatabadilika." Miye ndiye nnayemletea kitambaa cha kufutia ubao. Unachoka, bwana we. Si kuchoka kwa mwili, huo unalala unaamka. Unachoka kusema "karibu Oman" kwa sauti ileile.

Na kila mmoja akiondoka, mke wangu, Mama Salim, huniuliza, "Safari hii watakupa weye?" Miye humwambia, "Cheti." Yeye husema, "Aa." Mazungumzo yetu ya miaka ishirini hayo.

Sasa nikwambieni jinsi ya kupata wachezaji. Msiende kwa kijana. Kijana anataka kila kitu. Msiende kwa baba, baba atasema atafikiri. Nyumba zetu siye, wa kutoka Unguja, mwenye neno ni bibi. Nenda wakati wa kahawa, vua viatu vizuri, usikatae halua, na usiutaje mpira mpaka uulizwe.

Bi Zuhura wa Sib nilimwendea hivyo. Nilikuwa nimemuona mjukuu wake, Nassor, akicheza uwanja wa mtaani, anaruka kama sakafu ni ya moto. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye godoro lake, leso mbili, na macho ya kukupima mpaka kwa babu.

"Weye mtoto wa nani?"

"Miye mtoto wa Mzee Hamed, wa Ng'ambo."

"Hamed yupi? Yule mwenye baskeli?"

"Ndiye huyo."

"Aa. Babaako akipita kwetu akipiga kengele, na njia tupu. Kaa." Nikakaa. "Na huo mpira wenu una faida gani?"

"Wanaruka, bibi. Unawaweka sawa mwili."

"Kuruka wanaruka hata hapa. Taa ya ukumbini wameivunja mara mbili." Akanisogezea halua. "Haya, mchukue Nassor. Lakini ukimchukua Nassor, wachukue na wenzake wanne. Sitaki mmoja aonekane bwana, mwengine akae jikoni kwangu kavimba uso."

Wenzake wanne ndo binamu zake. Pamoja na yeye walikuwa watano, umri wao umefuatana, na wote wakisoma chuo chetu kwa sababu gari ya kwenda chuoni ilikuwa moja. Nilikwenda kutafuta mchezaji, nimerudi na ukoo. Na mashaallah, walikuwa wazuri! Watu waliokula sinia moja toka utotoni hawahitaji kuitana. Huyu akigeuza shingo, yule keshafika. Wakibishana, wanabishana kwa Kiswahili katikati ya mchezo, timu nyengine imeduwaa. "We Nassor, lete, choyo cha nini?" "Toka mbavuni, umesimama kama mkungu wa ndizi!" Na kikapu kimeingia.

Na hapo ndipo nilipokosea, lakini kosa lenyewe lilikuwa tamu, sikuliona.

Kocha wa tisa alipata kazi Doha katikati ya msimu, akaondoka na filimbi yetu. Amidi, yaani mkuu wa chuo, akaniita ofisini. Dokta Badr, mtu wa Bujumbura kwa kuzaliwa. Mlango ukiwa wazi anasema Kiarabu cha redioni, ukifungwa tu kinatoka Kiswahili chake cha bara.

Akafunga mlango. "Sikiliza, mzee wangu. Chukua timu mpaka mwisho wa msimu. Ukileta kombe, naandika barua wewe ndiye kocha mkuu. Cheti nitajua mimi namna ya kukieleza."

"Na nisipolileta?"

"Usipolileta sina cha kuwaambia watu wa wizara huko Al Khuwair. Wataniletea mtu mwenye cheti. Unanielewa?"

Nimemuelewa. Nilirudi nyumbani n'kamwambia Mama Salim. Toka siku ile akawa ananiita "kocha" tupu, lile neno la pili, msaidizi, kalitupa. "Kocha, chai." "Kocha, umeacha taa." Mtu mzima mie, ndevu nyeupe, nilikuwa nnaacha taa makusudi.

Tulishinda. Tulishinda tena. Wale watano nikawafanyisha mazoezi mpaka ubaoni pangu palikuwa na sumaku tano tu, kila moja imeandikwa jina la mmoja wao kwa wino usiotoka. Waliobaki, wa benchi, nilikuwa nao saba. Waliokota mipira, walipanga koni, walipiga makofi. Niliwaambia, "Siku yenu itafika," na nilisema hivyo kama unavyomwambia mgeni "karibu tena".

Tukafika fainali. Alkhamisi, baada ya alasiri. Jumanne asubuhi Nassor akanipigia simu. Bi Zuhura kafariki.

Wa kuzikwa kazikwa siku ileile, Mungu amrehemu. Lakini kwetu hapa taazia ni siku tatu. Wanaume wa ukoo wanakaa kwenye sabla, ule ukumbi wa mtaa wa misiba na harusi, watu wanaingia, wanatoa mkono, wanakaa, wanakunywa kahawa, wanaondoka, wanaingia wengine. Vijana wa nyumba ndio wanaotia kahawa. Jumatano, Alkhamisi, Ijumaa. Wachezaji wangu watano wote wamesimama kwenye mstari wa kupewa mkono, wamevaa kanzu, kwa sababu miye mwerevu nimechukua timu nzima kutoka sinia moja.

N'kawapigia wasimamizi wa mashindano, wakanijibu: "Abu Salim, pole sana, lakini ukumbi tumeupata Alkhamisi tu. Juma linalofuata vyuo vyote mitihani."

Basi Alkhamisi asubuhi nilikwenda Sib. Nilikuwa nimeshakwenda Jumanne maziko na Jumatano kutoa mkono. Safari ya tatu mtu anajua una lako. Nassor akanikuta mlangoni, akanisogeza pembeni.

"Kocha, siye wenyewe hatuwezi kusema. Itakuwa aibu. Lakini weye ukimuomba baba, hatokukatalia. Masaa mawili tu, twende turudi."

"Weye unataka?"

Akatazama viatu vilivyojaa mlangoni. "Nnataka barua yako itoke."

N'kaingia. Mzee Khalfan, babaake Nassor na mtoto mkubwa wa marehemu, akanikalisha karibu yake. Mdogo kabisa katika wale watano, yule anayechezea mbavuni, akaja na birika, akanitilia finjani. Kahawa imemwagika kidogo kwenye kidole changu, hakuona.

Sasa wazee wa nchi hii wana ada yao. Mgeni mwenye haja kubwa akipewa finjani hainywi. Anaiweka chini mbele yake. Mwenye nyumba akiona hivyo, humwambia, "Kunywa, haja yako imekwisha," kabla hajajua haja yenyewe. Akishasema hivyo hawezi kurudi nyuma. Mzee Khalfan ni mtu wa ada hizo. Aliiona finjani imesimama mkononi mwangu. Akanitazama mkono, akanitazama uso. Alikuwa akingoja niiweke.

Barua yangu ilikuwa mule ndani ya ile finjani, nyinyi. Miaka yote ile. Nilikuwa nnahitaji kushusha mkono tu, kiasi cha shubiri mbili.

N'kamuona yule mtiaji kahawa. Kasimama mbele yangu na birika, macho mekundu, kama anamngoja bibi yake amwambie kaa. Nimewaza: nimtoe hapa, nimvishe kaptula, nimwambie ruka?

N'kanywa. Msinisifu. Miye kahawa ikifika mkononi nnakunywa, huo ndio uzuri wangu wote. Nikaitikisa finjani kuonesha imetosha, n'kampa mkono Mzee Khalfan. Aliushika kwa muda. Akasema, "Mama alikuwa akikutaja. Alikuwa akisema mtoto wa yule wa kengele." Basi. N'katoka. Nassor akanifuata kwa macho, n'kamtikisia kichwa, akarudi kwenye mstari wake.

Ukumbini walikuja watano. Wale wawili wengine wa benchi walishasafiri makwao Sur toka asubuhi, walijua hawatochezeshwa, na walikuwa na haki ya kujua hivyo. Watano kamili, hapana wa kubadilisha. Timu ya upande wa pili ilikuwa na watu wengi mpaka wengine wamekaa chini.

N'kawaita, n'kafungua ubao. Sumaku tano, majina matano, na hata mwenye jina mmoja hayupo. Nilisimama n'kitazama ule ubao kama mtu aliyefungua friji kasahau anataka nini.

Na hapo Daudi akaniuliza. Daudi alikuwa Mbaluchi wa Sib, akisomea ufundi wa viyoyozi, jina lake la kumi na mbili kwenye orodha ya watu kumi na wawili. Mrefu, mpole, miaka miwili hajakosa zoezi. Hakuuliza kwa dharau. Laiti angeuliza kwa dharau.

"Kocha, miye nisimame wapi?"

Miaka miwili! Miaka miwili kanipangia koni, na hajui asimame wapi, na miye aliyeulizwa sijui vilevile. N'kafungua daftari la Dragan. Nassor ana kurasa nne. Kila binamu ana kurasa mbili tatu, mpaka chakula asichokula kimeandikwa. Ukurasa wa Daudi nimeandika: "Daudi, kiatu arubaini na nne." Ni siku niliyoagizia viatu.

Miye niliyekaa benchi umri mzima nikinung'unika kuwa hapana anayenitazama.

"Kulia," nimesema, kwa sababu lazima useme kitu.

Akenda kulia. Mchezo nisikuelezeni wote, tulipigwa. Tulipigwa vibaya, watu wakaacha kupiga kelele wakaanza kutuonea huruma, na huruma ya ukumbi mzima ni kitu kibaya kuliko matusi. Daudi kila akipata mpira kule kulia anazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Anatupa, unagonga chuma. Anatupa, haugongi hata chuma. Baada ya robo ya pili n'kampa chupa ya maji. Akaifungua kwa mkono wa kushoto. Akanywa kwa kushoto. Akajifuta jasho kwa kushoto.

"Daudi, weye unatumia mkono gani?"

"Kushoto, kocha." Akaona uso wangu. "Samahani."

Akaniomba samahani! N'kamwambia, "Nisamehe miye. Nenda kushoto, kwenye ile kona. Ukipata, usifikiri." Akenda. Mpira wa mwanzo aliopata pale, akautupa, ukaingia bila ya kugusa chuma. Akageuka kunitazama benchini, na mbio zimeshaanza upande wa pili, wamemuacha. "Rudi, baba, rudi!" nnampigia kelele huku nnacheka, na machozi yananitoka, na tumeachwa pointi zaidi ya thalathini. Alitia tatu nyengine. Haikutusaidia kitu.

Dokta Badr alinijia mwisho wa mchezo, akanipa mkono mbele za watu, kwa Kiarabu. Halafu akaniinamia sikioni kwa Kiswahili. "Pole, mzee wangu. Kwa nini hukuwaomba?"

"Nilikunywa kahawa," nimemwambia. Akanielewa. Na yeye katoka nyumba za namna hiyo.

Nyumbani Mama Salim alikuwa kashasikia. Akaniwekea sahani. Akafungua mdomo aniite, akasita, hakujua aniite vipi. Mwisho akasema, "Abu Salim, kula." Toka siku ile hilo ndo jina langu nyumbani.

Ijumaa nilirudi Sib, siku ya tatu ya taazia, safari hii sina langu. Nimekaa mpaka adhuhuri, n'kasaidia kukusanya finjani. Nassor alikuja kukaa na miye, hakuuliza matokeo, keshayajua. Alisema, "Wamenambia yule Daudi ni shoto." N'kasema ndiyo. "Siye tulikuwa tukijua," akasema. "Tulidhani na weye unajua."

Mwezi mmoja baadae nilikuwa uwanja wa ndege tena, asubuhi, na karatasi yenye jina la mgeni mkononi. Kocha wa kumi. Mmarekani, kijana, vyeti vimejaa mkoba wake, n'kaubeba miye. "Karibu Oman," nimesema, kwa sauti ileile. Mtu mzuri lakini. Ndani ya gari, tumepita Mawaleh, akafungua kompyuta yake magotini.

"Nieleze timu. Anza na yule bora."

Magoti yalikuwa yananiuma na jua limenipiga usoni, na nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiponyi. N'katoa lile daftari mfukoni, n'kamuwekea juu ya kompyuta yake, limefunguliwa mwisho kabisa. Ule ukurasa sasa ulikuwa umejaa mpaka pembeni.

"Naanza na wa kumi na mbili," nimemwambia. "Daudi. Kiatu arubaini na nne. Mkono wa kushoto. Atakuuliza asimame wapi. Mwambie."